Dedilaini ya serikali imekaribia, mradi tuuendeshe kwa njia gani? Maswali yanayoulizwa sana na watu wa Mtwara na Lindi

Maswali haya yanatoka kwa watu wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa mazao), SACCOS (vyama vya akiba na mikopo), zahanati binafsi, shule, na vijana wanaotengeneza mifumo kuanzia Mtwara mjini mpaka Masasi, Lindi na Nachingwea. Wengi wanauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti: mamlaka imetoa tarehe, kazi kubwa, hela ndogo, tuanzie wapi. Mifano mingi nimeiweka kwenye mfumo wa kutunza wanachama wa AMCOS na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, maana inagusa watu wengi hapa kwetu, ila utaratibu ni uleule hata kama wewe kinachokubana ni leseni, mazingira au kodi.

Kwani "njia ya kuendesha mradi" maana yake nini? Si tunaanza tu kazi?

Maana yake ni kukubaliana mambo yataamuliwa lini. Kuna njia ya kupanga yote mwanzo, unaandika kila kitakachofanyika, unapata saini, afu unatekeleza hatua kwa hatua mpaka mwisho. Kuna njia ya raundi fupi, vijana wa kompyuta wanaiita ajaili, mnatengeneza kidogo kwa wiki mbili hivi, mnawaonyesha watumiaji, mnasahihisha, mnaendelea. Afu kuna mchanganyiko wa hizo mbili.

Hiyo ya hatua kwa hatua watu wanapenda kuihusisha na Winston Royce, Mmarekani aliyeichora kwenye andiko lake la 1970, ila ukweli ni kwamba kwenye andiko hilohilo alionya kuwa kuiacha ilivyo, majaribio yakae mwishoni, ni hatari. Ajaili ilipata jina lake 2001, watu 17 walikutana Utah, Marekani, wakaandika misingi yake. Historia inatosha hapo.

Tarehe imewekwa na sheria, haijadiliwi. Si basi tupange kila kitu mwanzo tufunge?

Hapa ndo wengi wanapopotelea. Mradi una vitu vitatu vinavyovutana: muda, hela na kazi yenyewe. Mamlaka ikishatoa tarehe, muda umefungwa. Hela ya AMCOS au zahanati nayo imefungwa, hamna mtu atakayekuja na fungu la ziada mwezi wa nane. Kwahiyo kinachobaki kulegezwa ni kazi, yaani wingi wa vitu mtakavyofanya. Na ndani ya kazi kuna sehemu ambayo sheria imeitaja, hiyo hailegei hata kidogo. Vilivyobaki vyote ndo lazima uwe tayari kuvikata, tena muamue mapema na kwa maandishi nini kinakatwa kwanza, wakati watu bado wanaongea vizuri.

Ukifunga kila kitu mwanzo, cha sheria na cha matamanio kwenye kapu moja, siku mambo yakichelewa vitachelewa vyote pamoja, ripoti yenye michoro ya rangi itakuwa imefika asilimia 90 na maombi ya usajili nayo asilimia 90, na mamlaka haipokei asilimia 90. Ukienda raundi fupi bila kufunga chochote shida inakuwa nyingine, kila raundi mnatengeneza kilichoombwa na aliyepaza sauti zaidi kwenye kikao, na matakwa ya sheria hayana mtu wa kuyapazia sauti mpaka wiki ya mwisho.

Ndo maana jibu langu kwa wengi ni mchanganyiko, ila wenye mpaka unaoonekana. Vya sheria vina mpango uliofungwa, kila kimoja na tarehe yake na jina la mtu. Vya watumiaji vinaenda kwa raundi. Vikigombea mtu mmoja au hela ileile, vya sheria vinapita kwanza bila kuitisha kikao.

Nitajuaje kipi ni cha sheria na kipi ni matamanio ya bosi?

Soma sheria yenyewe na kanuni zake, usisome ujumbe wa WhatsApp unaosema "kuanzia mwezi ujao kila mtu atapigwa faini". Sheria zetu nyingi zina toleo la Kiswahili, na mamlaka nyingi zina miongozo. Kaeni watu watatu au wanne, mmoja asome kwa sauti, na kila mnapokuta neno kama "atapaswa" au "hataruhusiwa" andikeni mstari mmoja kwenye karatasi: nani anatakiwa kufanya nini, na ushahidi wake ni upi. Hilo la ushahidi msilipite haraka. Afisa akija hataangalia nia yenu, ataomba cheti, fomu, rejista, barua ya uteuzi, kumbukumbu za kikao.

Tuchukue Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. AMCOS inayo majina ya wakulima, namba za simu, akaunti za benki, namba za NIDA, kilo alizouza mtu na hela aliyopata. Hizo ni taarifa binafsi na AMCOS ni mkusanyaji. Ukiisoma utakuta kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kuwa na afisa wa ulinzi wa taarifa, kukusanya kwa sababu inayojulikana na halali, kuzilinda zisivuje, kumruhusu mwenye taarifa azione na aombe zirekebishwe, na masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Hiyo ndo orodha ya lazima. Sasa linganisha na barua aliyopewa developa, yaani fundi anayetengeneza mfumo: programu ya simu kwa kila mkulima, bei ya mnada ionekane papo hapo, meseji ya hongera ya sikukuu, nembo inayozunguka. Vizuri vyote, na hakuna hata kimoja ambacho Tume itakuuliza.

Kuna namna ya kupanga iliyokuzwa Uingereza miaka ya 1990, ina makundi manne: lazima, inafaa, ikiwezekana, na si safari hii. Itumieni, ila kwa sharti kwamba kitu hakiingii "lazima" mpaka anayekitaka aonyeshe kifungu. Mwenyekiti naye aonyeshe kifungu. Kwa heshima, lakini aonyeshe.

Tukishagawa, vipi hasa vinafungwa mwanzo na vipi vinaenda kwa raundi?

Funga mwanzo kitu chochote ambacho kukibadilisha baadaye ni gharama au kinahitaji saini ya mtu wa nje. Mfano mzuri ni seva. Developa akishaweka data za wakulima kwenye seva ya bei rahisi iliyoko Ulaya, afu mwezi wa mwisho mtu akasoma masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi, mnaanza kuhamisha kila kitu wakati mlitakiwa muwe mnafundisha makarani. Data zinakaa wapi, nani ana nywila, bakapu, yaani nakala ya akiba, inatunzwa wapi na nani, kila anayefungua taarifa za mkulima anaacha alama gani kwenye mfumo, haya yaamuliwe kabla hata mstari mmoja wa programu haujaandikwa. Mkataba na developa hivyohivyo, na uteuzi wa afisa wa ulinzi wa taarifa, na usajili wenyewe.

Kwa raundi pelekeni vile ambavyo hamuwezi kuvijua mkiwa mezani: karani anaingizaje kilo wakati foleni imefika barabarani, risiti iwe na maandishi makubwa kiasi gani ili mzee asome bila miwani, maneno gani yatumike kwenye fomu ya ridhaa mpaka mkulima wa Kitangari aelewe anachokubali. Hiyo fomu ya ridhaa inachanganya watu kwa sababu iko pande zote mbili: kuwepo kwake kumefungwa na sheria, ila maneno yake yanahitaji raundi mbili tatu na wakulima wenyewe. Mnaweza kuiandika kwa lugha ya wanasheria ikapita kila kitu isipokuwa kueleweka, na ridhaa ya mtu ambaye hakuelewa haina nguvu.

Tuhesabu muda kuanzia wapi?

Anzieni mwisho mrudi nyuma. Andika tarehe ya mamlaka, afu jiwekee tarehe yako ya kumaliza wiki tatu au nne kabla, na hiyo ndo muitaje kila mahali. Kutoka hapo rudi nyuma: mafunzo, majaribio, kuingiza data, kutengeneza, maamuzi ya mwanzo. Mkikuta mwanzo umeangukia mwezi uliopita, mjue leo hii kwamba kuna vitu vinakatwa.

Ila kinachokula muda zaidi ni foleni za watu wengine, kuliko hata kazi yenu. Kumbukeni usajili wa laini za simu kwa alama za vidole. Kusajili laini yenyewe kwa wakala ni dakika chache tu. Kilichowatesa watu ni namba ya NIDA, bila hiyo huwezi hata kuanza, na Desemba 2019 nchi nzima ilikuwa imepanga mstari kwenye ofisi zilezile. Aliyefuatilia namba yake mapema alisajili akaendelea na maisha. Kwahiyo siku ya kwanza ya mradi, kabla ya kumwita developa, orodhesheni kila kitu kinachotoka nje ya ofisi yenu: cheti, kibali, barua ya afisa ushirika, azimio la mkutano mkuu, malipo ya benki, hati ya usajili iliyopotea. Vianzisheni hivyo vyote wiki hiyohiyo, hata kama mfumo bado haujafikiriwa.

Afu kuna mambo ya kusini. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake ziliharibu barabara ya Lindi kwenda Dar upande wa Somanga, magari yakakwama, na mwezi huohuo nyaya za baharini zikakatika, intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima. Mtu ambaye alipanga kompyuta zake zifike kwa basi wiki hiyo na mafunzo yafanyike kwa video alipoteza vyote viwili. Tarehe ya mamlaka iliyoandikwa Dar au Dodoma haijui hilo. Kama kazi yako inaangukia masika, ongeza muda wa safari, na mfumo uwe unaweza kufanya kazi bila mtandao afu upeleke data ukirudi.

Si wataongeza muda tu? Mbona huwa wanaongeza

Ni kweli huwa wanaongeza. Laini za simu tarehe ilikuwa 31 Desemba 2019 ikasogezwa mpaka 20 Januari 2020. Usajili wa wakusanyaji wa taarifa binafsi ulikuwa uishe 31 Desemba 2024 ukasogezwa mpaka 30 Aprili 2025. Lakini angalia kwenye laini walisogeza siku 20 tu, na zilipoisha laini zikaanza kuzimwa. Na nyongeza hutangazwa dakika za mwisho, kwahiyo huwezi kuipangia kazi. Muda ukiongezwa utumieni kufanya vile vya "inafaa". Anayeisubiri nyongeza kabla haijatangazwa anacheza na mali ya wanachama.

Dedilaini imegongana na msimu wa korosho, tufanyeje?

Sogezeni kazi yenu, msimu hausogei. Kuanzia Oktoba minada ikifunguka, karani wa AMCOS hana hata dakika tano, anapima, anaandika, anajibu simu za ghala kuu, anafuatilia malipo. Mfumo mpya ukiingia wiki hiyo utalaumiwa kwa kila kilo itakayopotea, na karani atarudi kwenye daftari lake, na hata mimi ningerudi. Ni kama salfa ya mikorosho, ukipulizia baada ya ugonjwa wa ubwiriunga kushika maua umemwaga hela chini, ina wakati wake na huo wakati ukipita basi.

Kwa hiyo mahesabu yanakuwa hivi: kila kinachomgusa karani kiishe kabla ya mwisho wa Agosti, Septemba iwe ya kufanyia mazoezi na korosho za mwanzo, na kuanzia Oktoba msibadilishe kitu chochote isipokuwa kurekebisha kilichoharibika. Kama tarehe ya mamlaka ni Desemba, kazi za ofisini kama barua, sera, usajili, hizo zinaweza kuendelea msimu ukiwa umepamba moto, maana anazifanya meneja na developa. Msidanganyike kwamba Desemba ni mbali. Kwa mtu wa korosho, Desemba iko karibu na Agosti kuliko inavyoonekana kwenye kalenda.

Wanachama wetu wapo kwenye daftari la karatasi. Kuingiza data kutachukua muda gani?

Muda mrefu kuliko kutengeneza mfumo, na hakuna anayeamini mpaka aanze. Fungueni daftari lenu sasa hivi mwangalie ukurasa mmoja. Mtakuta Mohamedi, Mohamed, Muhamedi na Mohd, na huenda ni watu wanne au mtu mmoja aliyeandikwa na makarani wanne. Mtakuta namba ya simu yenye tarakimu tisa. Mtakuta jina la marehemu ambalo korosho zinauzwa kwalo mpaka leo kwa sababu warithi hawajaelewana. Mtakuta akaunti ya benki imefutwa kwa kalamu nyekundu, juu yake imeandikwa nyingine kwa penseli, na pembeni "amuulize mwanae". Hakuna programu ya kompyuta inayojua mwanae ni nani.

Hapa raundi fupi zinasaidia kuliko mahali pengine popote. Chukueni kitongoji kimoja, majina 50, ingizeni, muwaite wenyewe waje kuthibitisha, mpime mmetumia siku ngapi. Hiyo ndo kasi yenu ya kweli, zidisheni kwa waliobaki mpate jibu lisilo la kubahatisha. Na mkiwa mnathibitisha, mweleze kila mtu taarifa zake zinatumika kwa nini na achukue fomu yake ya ridhaa palepale, msimwite mara mbili, ametembea.

Kingine, acheni kuingiza vitu msivyovihitaji. Madaftari ya zamani yana dini ya mtu, idadi ya wake, mpaka ugonjwa uliomfanya asilipe mkopo. Kila kitu mnachobeba lazima mkilinde. Kukiacha nje kunapunguza kazi na kunawaweka upande mzuri wa sheria kwa wakati mmoja, na hiyo ni nadra sana kwenye mambo haya.

Developa wetu anasema yeye ni ajaili kwahiyo hatoi tarehe

Hiyo siyo ajaili. Raundi fupi ndo zina tarehe nyingi kuliko njia zote, kila wiki mbili kuna siku ya kuonyesha kilichofanyika. Anachoweza kukataa kwa haki ni kuahidi orodha nzima ya matamanio kwa tarehe moja. Kwa vya "lazima" ampe meneja tarehe kwa maandishi, na kama hawezi aseme mapema ili mkate kitu au mtafute mwingine.

Bodi inataka ione mpango mzima umeandikwa ndo ipitishe hela

Wana haki, hela ni ya wanachama na mkaguzi atauliza. Wapeni ukurasa mmoja wa vya sheria, kila kimoja na tarehe, gharama na mhusika. Kwa upande wa raundi wapeni kiasi cha juu cha hela, idadi ya raundi, na ahadi kwamba kila baada ya raundi mbili mjumbe mmoja wa bodi atakaa na karani ashike mfumo mwenyewe. Wazee wa bodi wengi wanaelewa haraka wakishika kitu kuliko wakisomewa ripoti. Mkiandika mpango wa kurasa 60 kwa vitu ambavyo hamjavijua bado, mtakuwa mnarudi kuomba mabadiliko kila mwezi, na kila mabadiliko ni kikao, posho na wiki nyingine imeondoka.

Muda umebana, tuongeze vijana wamalize haraka?

Kwa kuingiza data na kuthibitisha majina, ndiyo, ongezeni, mradi wamesaini kutunza siri. Kwa kutengeneza mfumo, hapana. Fred Brooks, Mmarekani mtaalamu wa programu, aliliandika hili 1975 na bado halijapingika: ukiongeza watu kwenye kazi ya programu iliyochelewa unaichelewesha zaidi, maana wanaoijua wanaacha kazi wawafundishe wapya.

Tununue mfumo uliokwisha tengenezwa?

Mara nyingi ndiyo, kama muda ni chini ya miezi mitatu. Ila kununua nako ni mradi. Muulizeni anayeuza: data zinakaa nchi gani, tukiachana tunaondoka nazo kwa muundo gani, nani kwenye ofisi yako anaweza kuona akaunti za wakulima wetu, umejisajili kama mchakataji, yaani anayeshughulikia taarifa kwa niaba ya wengine? Akijikanyaga kwenye hilo la mwisho muacheni aende. Mkinunua, badilisheni utaratibu wenu ufuate mfumo kwa mwaka wa kwanza. Shida inaanza mnaponunua cha tayari afu mnataka kishonwe upya kila mahali, mnalipa mara mbili na tarehe inapita.

Na kabla ya kununua chochote muulizeni afisa ushirika. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa kusimamia vyama, MUVU, na minada inapita TMX, soko la bidhaa la Tanzania. Chenu kinatakiwa kiishi na hivyo, kisirudie kazi zake.

Sisi ni halmashauri, manunuzi yetu yanapita NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali, na mwaka wa fedha unaisha 30 Juni. Raundi tutaziweka wapi?

Ndani ya mkataba, kwa kuandika matokeo badala ya vitufe. Mkiandika kwenye zabuni kwamba skrini itakuwa na vitufe saba, mtaletewa vitufe saba. Andikeni kwamba mhudumu wa zahanati aweze kusajili mgonjwa bila mtandao na taarifa zifike wilayani mtandao ukirudi, na kwamba malipo yatatoka kwa sehemu, kila sehemu ikishajaribiwa na watumiaji mkasaini. Hapo mkataba umefungwa na bado kuna nafasi ya kusahihisha. Mchakato wa zabuni wenyewe unakula miezi, kwahiyo kazi inayotakiwa kuisha 30 Juni na ambayo mpaka Januari haijatangazwa, ipunguzeni ukubwa kabla ya kuitangaza.

Mimi najenga kiwanda kidogo cha kubangua korosho, sina habari na programu. Hii inanihusu?

Inakuhusu kabisa, na kwako upande uliofungwa ni mkubwa zaidi. Zege halina raundi ya pili. Mambo ya mazingira yanatangulia ujenzi, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 haikuruhusu uchimbe msingi afu ndo uje kuuliza NEMC, baraza la mazingira, na kwa korosho swali la moshi na mafuta ya maganda litaulizwa tu, yale mafuta yanaunguza ngozi na hayatakiwi kumwagwa ovyo. Kwahiyo eneo, maji taka, moshi, njia za dharura, umeme, hivi vipange mwanzo na mtaalamu, visainiwe.

Raundi zako ziko ndani. Mpangilio wa meza za kubangua, mama wangapi kwenye mstari mmoja, korosho zinatoka kwenye kukausha zinaenda wapi, hayo yajaribu kwa meza za mbao na magunia machache kabla hujanunua mashine. Mama mwenye uzoefu wa kubangua akikaa pale nusu siku atakuonyesha kosa ambalo mchoro haukuonyesha, na kulisahihisha ni kusogeza meza tu. Ukishafunga mashine kwenye sakafu, kulisahihisha ni kuvunja. Viwango vya ubora vya TBS, shirika la viwango, visome kabla ya kupanga hiyo mistari, vinagusa usafi wa sakafu, kuta na maji, na kuta hazihamishiki.

Kuna mradi mkubwa uliowahi kuharibika kwa sababu ya tarehe ya sheria?

Upo unaojulikana dunia nzima, HealthCare.gov ya Marekani, tovuti ya watu kujiandikisha bima ya afya. Ilitakiwa ifunguliwe 1 Oktoba 2013, tarehe haikusogezwa, ikafunguliwa, na siku hiyo ya kwanza waliofanikiwa kukamilisha kujiandikisha walikuwa 6 tu. Makampuni mengi yalitengeneza vipande mbalimbali, na kuviunganisha vipande vyote na kuvijaribu pamoja kulibaki kwa siku za mwishomwisho. Baadaye kikundi kidogo cha mafundi kilikaa nayo, wakarekebisha kidogo kidogo wakipima kila siku, na ndani ya wiki kadhaa ikawa inatumika.

Nawaambia AMCOS kitu hikihiki kwa udogo wake. Mwezi wa kwanza tu, mkulima mmoja wa majaribio apite kwenye mfumo toka anasajiliwa, anapimiwa korosho, anapata stakabadhi, mpaka malipo yake yanasomeka. Kila skrini iwe mbaya haidhuru, ila njia nzima ipitike. Afu ndo mrembeshe kipande kwa kipande. Mkifanya hivyo, siku yoyote mtakayokatishwa mna kitu kinachofanya kazi.

Tumebakiza mwezi mmoja na hatujaanza kabisa. Kuna njia?

Ipo, ila itauma. Leo hii ombeni usajili au kibali, kwa taarifa mlizonazo zilizo sahihi, msibuni chochote. Kesho bodi ikae kikao cha dharura, imteue mhusika kwa barua, ipitishe sera fupi ya kurasa mbili tatu inayosema taarifa zinakusanywa kwa nini, zinafungiwa wapi, nani anaruhusiwa. Wiki ya kwanza madaftari yote yaingie kwenye kabati lenye kufuli, na funguo ziwe kwa watu wawili wanaojulikana. Faili la Excel la wanachama lililosambaa kwenye simu za watu lifutwe, libaki moja kwenye kompyuta yenye nywila. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji developa. Sheria inataka taarifa za watu zilindwe, na daftari lililofungiwa limelindwa kuliko mfumo wa haraka haraka ambao kila mtu anaingia kwa nywila ya 1234.

Mfumo wa kompyuta usogezeni msimu ujao kabisa, muandike hivyo kwenye kumbukumbu za kikao na sababu zake. Kuna watu wanaona aibu kufika kwenye tarehe na daftari. Msione aibu. Kinacholeta matatizo ni kufika na mfumo mpya unaovujisha akaunti za watu 800.

Afisa akija kukagua na kuna vitu havijakamilika?

Mpokeeni, mumweleze ukweli, na mumpe ile karatasi ya mistari mliyoiandika mlipokuwa mnasoma sheria, mistari iliyokamilika ikiwa na ushahidi wake na iliyobaki ikiwa na tarehe na jina. Ofisi inayojua mapungufu yake kwa maandishi inaongea vizuri na mkaguzi kuliko ofisi inayosema kila kitu kipo sawa afu droo ya kwanza ikifunguliwa zinatoka nakala za vitambulisho vya watu. Msitengeneze nyaraka za tarehe za nyuma. Hilo ni kosa kubwa kuliko kuchelewa.

Tarehe ikishapita tumemaliza?

Upande wa sheria ndo unaanza kuishi. Cheti cha usajili kina muda wake wa kwisha, andikeni tarehe ya kukihuisha ukutani kwa meneja na kwenye simu za watu wawili, miezi kadhaa kabla. Karani mpya akiajiriwa asaini kutunza siri siku ya kwanza, na aliyeondoka nywila yake izimwe siku hiyohiyo. Kwa upande wa matamanio, itisheni ile orodha ya "si safari hii" Februari hivi, korosho zikiwa zimeisha na watu wametulia, muisome upya na makarani na wakulima wachache. Vingi mtakuta hakuna anayevikumbuka, hivyo vifuteni. Vilivyobaki viwili vitatu, chukueni kinachompunguzia karani foleni, muanze nacho raundi ya kwanza.